Hesabu ya Nyoka na Kondoo

Husemwa mara kwa mara, na husemwa zaidi na watu wa mashairi, kwamba hesabu ni kitu kikavu na lugha ni kitu kibichi, na kwamba anayeiendea lugha kwa tarakimu huishia kushika ganda na kuliacha tunda. Msemo huu una utamu wake, lakini wenye kuusema husahau kazi ya vidole vyao wenyewe. Mtunzi wa shairi, awe wa Pemba au wa Lamu, huhesabu. Mizani 16 kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, kina cha kati mahali pake na kina cha mwisho mahali pake. Mshororo uliopungukiwa mizani moja hutambulika hata na mtu ambaye hakupata kuingia darasani, kwa sababu sikio hujikwaa hapo kama mguu unavyojikwaa kwenye ngazi iliyokosa kidato. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipozichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliziandika hesabu ambazo ndimi za watu zilikuwa zikizifanya kwa karne nyingi bila ya kalamu.

Swali basi si kama lugha inahesabika. Swali ni kipi kinachohesabiwa, na ni nani aliyesikiliza kabla ya kuhesabu. Jawabu mojawapo lililo zuri halipatikani pwani. Limo milimani Usambara, katika maneno mawili ya Kishambaa ambayo mchungaji wa Gare, wilayani Lushoto, huyatamka bila ya kuyafikiri: neno la nyoka na neno la kondoo. Lakini ili kuyafikia maneno hayo inafaa kuanzia mbali kidogo, kwa mtu ambaye visiwa hivi vinamjua kwa nasaba ya bahari.

Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeziweka bahari za mashairi ya Kiarabu katika duara tano, kila duara likizaa bahari kadhaa kwa kubadilisha tu pale mtu anapoanzia kusoma. Alipoianza kamusi yake, Kitabu cha 'Ayn, hakukusanya maneno ovyo kama mtu anayeokota kombe ufukoni. Alijiuliza kwanza: herufi 28 za Kiarabu, zikipangwa mbili mbili, tatu tatu, nne nne na tano tano, pasipo herufi kurudiwa katika mzizi mmoja, zinaweza kuzaa mizizi mingapi? Mwenye karatasi na subira anaweza kukokotoa mwenyewe. Za herufi mbili ni 756. Za tatu 19,656. Za nne 491,400. Za tano 11,793,600. Jumla ni 12,305,412, na ndiyo jumla iliyosimuliwa na waandishi waliomfuatia.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilikuwa mlango tu. Kazi yenyewe ilikuwa kuupitia kila mpango na kuuliza: huu umetumika, au umeachwa? Wa kwanza uliitwa mustaamal, wa pili muhmal. Hapo ndipo tarakimu ilipolazimika kunyamaza na kulipisha sikio, kwa kuwa hakuna kanuni ya kuzidisha inayoweza kumwambia mtu ni mzizi gani Waarabu waliusema na upi hawakuusema. Hesabu huonyesha yote yawezekanayo. Msemaji huonyesha yaliyopo. Elimu ya lugha kwa njia ya hisabati, tangu siku hizo hata leo, huishi katika pengo lililo baina ya mambo hayo mawili.

Pengo hilo limo pia ndani ya kitenzi cha Kiswahili. Chukua mzizi wa kupenda. Nafsi zinazotenda ni sita. Nyakati, kwa kuchagua chache tu, ni nne: na, li, ta na me. Mtendwa ama hatajwi, ama ni mmoja wa nafsi sita, kwa hiyo nafasi yake ina njia saba. Sita mara nne mara saba ni maumbo 168, na hapo bado hayajaguswa makanusho, virejeshi, wala pendwa, pendana na pendeza. Hesabu huyatoa yote 168 bila ya kupepesa jicho. Lakini mtoto wa miaka mitano atakataa "ninanipenda", atakataa "unakupenda", atakataa "tunatupenda", na atakataa umbo la nyinyi kujipenda nyinyi, katika nyakati zote nne. Maumbo 16 yanaanguka, yanabaki 152, na mahali pa yale yaliyoanguka panachukuliwa na silabi moja ndogo: ji. Nani aliyemfundisha mtoto kutoa 16 katika 168? Hakuna. Na kitabu cha sarufi kinachotaka kusema kweli lazima kiseme alichokijua mtoto huyo, tena kwa maneno yasiyoacha mwanya.

Wapo waliojaribu kuandika kweli hiyo kwa namna ambayo hata chombo kisicho na akili kingeifuata. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa namna ya kueleza maumbo ya maneno kwa msururu wa milango: ukipita mlango huu waweza kwenda ule au ule, lakini si wa tatu. Katika jiji hilohilo Arvi Hurskainen, tangu mwaka 1985, akaifanyia kazi njia hiyo kwa Kiswahili, na kutokana nayo ikakua programu iitwayo SALAMA, yenye kulichambua neno kama "hawatatupikia" kiambishi kwa kiambishi. Ajabu ni kwamba kitenzi cha Kibantu, ambacho wageni wengi wamekilalamikia kuwa ni msitu, kilitii milango hiyo vizuri. Ndani ya neno moja kila kiambishi kina zamu yake, mithili ya watu waliopanga foleni kisimani.

Sentensi ni jambo jingine. Msomaji aisikilize hii: "Kitabu ambacho mwalimu ambaye watoto waliotoka Gare wanampenda alikinunua kimepotea." Ni sentensi nzito, lakini ni Kiswahili. Ndani yake mna madeni matatu. Neno kitabu limekopa, na halitapumua mpaka ki ya "kimepotea" ilipe. Kabla ya deni hilo kulipwa, mwalimu naye amekopa, na kabla ya mwalimu kulipa, watoto wamekopa. Malipo yanakuja kinyume cha mikopo: watoto kwanza, kisha mwalimu, kitabu mwisho. Aliyekopa mwanzo hulipa mwisho. Mwaka 1957, katika kitabu chake kidogo cha miundo ya sintaksia, Noam Chomsky alionyesha kwa mifano ya Kiingereza kwamba msururu wa milango, hata uwe mrefu namna gani, hauwezi kutunza madeni ya namna hii, kwa sababu hauna daftari la kukumbuka nani anamdai nani. Ndipo zikahitajika kanuni za aina nyingine, zenye kuitia sentensi ndani ya sentensi, chache kwa idadi lakini zisizo na mwisho katika kuzaa.

Hiyo ilikuwa fikra kubwa, na kama fikra kubwa zote ilipata kiburi. Kanuni zilizotokana na Kiingereza zilianza kuvishwa lugha zote, na likazuka tumaini la kupata sheria zinazoitawala kila lugha ya binadamu. Afrika iliitwa kutoa ushahidi, na mara nyingine ushahidi wake ulimshangaza aliyeuita. Mwaka 1985 Christopher Culy alionyesha kwamba Kibambara cha Mali, kwa desturi yake ya kulitamka jina mara mbili na kutia o katikati ili kusema "yeyote", kinaweza kujenga maneno yanayoipita ngazi ya kanuni ambayo wengi waliidhani yatosha. Ushahidi wa Usambara ulikuwa umetangulia kwa miaka mitatu, nao ulihusu sauti.

Milima hiyo haikuwa mipya kwa wenye kalamu. Ludwig Krapf, aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, alikuwa amekwishapanda Usambara mwaka 1848 kumwona Mfalme Kimweri huko Vuga. Gare yenyewe ilipata misheni mwaka 1897, na waliofika walikuwa Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini. Watawa hao waliishi kwa kanuni ya kunyamaza, na kwa haja za kila siku walizoea kusemezana kwa ishara za mikono. Kazi ya misheni na ukimya huo havikupatana, na mwaka 1909 jumuiya ya Mariannhill ilitengwa na Watrapisti. Ni vigumu kupata mfano wenye kejeli zaidi ya huu: watu wa kunyamaza walijenga juu ya mlima ambako hata kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno.

Mwaka 1911 ikachapishwa Hamburg sarufi ya Kishambaa iliyoandikwa na Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, yuleyule ambaye Biblia yake ya Kiswahili ya mwaka 1937 ilijaribu kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Alifuata njia ya Carl Meinhof, ambaye mwaka 1899 alikuwa ameziweka sauti na ngeli za Kibantu katika mpango mmoja wenye namba. Namba hizo zingali zikitumika, na zina pengo lake la kiilmu: katika Kiswahili sanifu hesabu ya ngeli huruka kutoka 11 hadi 14, kwa kuwa ngeli ya 12 na ya 13 hazimo, ilhali Kikuyu kinazo zote mbili. Al-Khalil angelitambua jambo hilo mara moja. Nafasi ipo katika hesabu. Msemaji wa pwani ameiacha.

Lakini pwani imeacha kitu kikubwa zaidi ya ngeli mbili. Lugha nyingi za Kibantu zina toni, yaani kila silabi hubeba urefu wake wa sauti, juu au chini, na urefu huo ni mali ya neno kama zilivyo konsonanti zake. Kiswahili kiliupoteza urithi huo, kikabaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Masalio ya uhuru wa sauti ni machache, kama pale barabara ya kupitia magari inapotofautiana na barabara yenye maana ya sawasawa kwa mahali pa mkazo tu, bila ya herufi kuonyesha lolote. Msemaji wa Kiswahili ambaye amepata kuchanganya maneno hayo mawili akisoma kwa sauti ameonja tone moja la bahari ambayo Mshambaa huogelea humo tangu utotoni.

Sasa yale maneno mawili. Nyoka kwa Kishambaa ni nyoka, kama pwani. Kondoo ni ngoto. Kila moja lina silabi mbili, na silabi zote nne ni za juu. Katika nyoka sauti hukaa usawa mmoja kutoka nyo hadi ka, mfano wa mtu apitaye juu ya ukuta. Katika ngoto sauti hupanda kwa ngo, kisha hukanyaga to kidato kimoja chini yake. Si toni ya chini, bali ya juu iliyoshuka kidogo. Tofauti ni ndogo kama ya nyuzi mbili za udi zilizo jirani, na asiyezoea huenda asiisikie.

Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na kesi kubwa. Mwaka 1973 William Leben, na mwaka 1976 John Goldsmith, wote katika tasnifu zao za chuo cha MIT huko Marekani, walifungua njia mpya ya kuzieleza toni. Goldsmith aliziweka toni kwenye mstari wake na silabi kwenye mstari wake, kisha akaziunganisha kwa nyuzi, hata toni moja iweze kushika silabi mbili au zaidi. Ni picha nzuri, nayo ni hisabati kamili ya nukta na mistari. Katika mjadala huo palikuwa na sheria iliyotoka kwa Leben: kwenye mstari wa toni, ndani ya neno, toni mbili zilizo sawa hazikai pamoja. Ikiwa silabi mbili jirani ni za juu, basi ni toni moja iliyozishika zote mbili. Ikiwa sheria hiyo ni ya lugha zote, nyoka na ngoto hazina budi kutamkwa kwa namna moja. Umbo jingine halipo.

Nazo hazitamkwi kwa namna moja. Mwaka 1982 David Odden aliieleza toni ya Kishambaa na kuonyesha kinachotendeka. Nyoka ina toni moja ya juu, iliyofungwa kwa nyuzi mbili. Ngoto ina toni mbili za juu, kila moja na silabi yake, na Kishambaa kina desturi kwamba toni mbili za juu zinapokutana, ya pili hushuka kidato. Desturi hiyohiyo husikika maneno mawili yenye toni za juu yanapofuatana, jambo linalothibitisha kwamba ndani ya ngoto kuna toni mbili kweli. Mwaka 1986, katika jarida la Language, Odden akautumia ushahidi wa Kishambaa pamoja na wa lugha nyingine kudai kwamba ile sheria si ya lugha zote. Mabishano yaliendelea, na yangali yana wafuasi pande zote, lakini haikuwezekana tena kuitaja sheria ile bila ya kumjibu kondoo wa Usambara.

Mtu wa mashairi atatabasamu hapa. Nyoka ni toni moja iliyojinyoosha, jambo linalomstahili. Kondoo ni toni mbili, mmoja nyuma ya mwenziwe, wakiteremka mlima. Hiyo ni bahati tu, si ushahidi. Ushahidi ni kwamba desturi iliyomo vinywani mwa watu ambao hawakuijua sheria wala mtunga sheria iliweza kuitikisa. Hesabu haikushindwa. Kinyume chake, isingalikuwapo ile sheria iliyoandikwa kwa ukali usio na mwanya, tofauti ya nyoka na ngoto ingalibaki kuwa lafudhi tu, ya kutajwa na kusahauliwa. Sheria iliyo kali ndiyo iliyompa kondoo pa kusimama. Fasili legelege haikosei, na kwa hiyo haifundishi.

Kishambaa kimetoa ushahidi mwingine baada ya huo. Ruth Besha, mwanaisimu wa Kitanzania, alichapisha mwaka 1989 uchunguzi wake wa njeo na hali katika lugha hiyo. Kristina Riedel, katika tasnifu ya Leiden ya mwaka 2009, alichunguza viambishi vya mtendwa. Kiswahili husema "alimpa kitabu" au "alimpa" tu. "Alikimpa" hakisemi, kwani kitenzi chake kina kiti kimoja cha mtendwa. Kishambaa kinaweza kuwakalisha zaidi ya mmoja. Anayedai kuijua sarufi ya Kibantu kwa kukijua Kiswahili peke yake ameiona nyumba kwa dirisha moja.

Hapo ndipo penye uchungu. Elimu hii yote juu ya nyoka na ngoto kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, imo katika maktaba za mbali, na haikurudi mlimani. Maandishi ya kawaida ya Kishambaa hayaonyeshi toni. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili, pamoja na heri zake zote, ni lugha isiyo na sikio la toni. Mtoto wa Gare atakayejifunza kulitamka ngoto kwa mkazo wa kipwani atakuwa bado analisema neno la babu zake, herufi kwa herufi, lakini kondoo mmoja atakuwa amepotea, na hakuna atakayejua, kwa kuwa daftarini neno litakuwa halikubadilika.

Nyakati hizi zimeongeza sababu ya wasiwasi. Mwaka 1913 Andrei Markov alihesabu herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin ili kuonyesha jinsi irabu na konsonanti zinavyofuatana, kila moja ikiacha alama kwa ijayo. Mitambo ya lugha iliyoenea duniani tangu mwaka 2022 ni vitukuu vya hesabu hiyo: hujifunza kutokana na wingi wa maandishi, na hutabiri neno kwa yaliyolitangulia. Kazi yake inastaajabisha. Lakini ni hesabu ya kilichoandikwa. Ukiupa mtambo kila kurasa ya Kishambaa iliyowahi kuchapwa, nyoka na ngoto zitaingia zikiwa herufi tano na tano, bila ya ukuta wala kidato. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa huonekana kana kwamba hakikuwapo. Hesabu ya al-Khalil ilitembea njia nyingine: ilianza na yawezekanayo, kisha ikamwendea msemaji na kumuuliza.

Mwenye kufasiri huijua hasara hii kwa mikono yake. Wimbo wa lugha ya toni ukiingizwa katika Kiswahili, maana huweza kuvuka, vina huweza kupatikana, mizani zikatimia 16 pasipo upungufu. Miteremko midogo haivuki. Haina herufi ya kupandia.

Dawa si ghali. Kinasa sauti kimo leo katika simu za watu wengi, na wazee wanaosema Kishambaa cha toni kamili bado wapo. Na mwalimu wa hesabu wa huko milimani, siku akikosa mfano wa mambo yaliyo sawa kwa idadi na mbali kwa mpango, anaweza kuyaandika ubaoni maneno mawili, akachora juu ya nyoka nukta moja yenye nyuzi mbili, na juu ya ngoto nukta mbili, kila moja na uzi wake. Kisha awaombe watoto wayatamke, na yeye anyamaze asikilize.